Mtihani wa Tatu wa Silke

Lindenrath, 16 Februari 1996

Shikamoo Mwalimu,

Jana ilikuwa Alhamisi ya wanawake, ile ya sherehe za kanivali. Makarani walipita ofisi kwa ofisi na mikasi wakikata tai za wanaume, na Profesa Tillmanns, kama kila mwaka, alikuwa amevaa tai ya kahawia ambayo hata mbuzi angeitema. "Kateni, mabinti," akasema, "lakini mkate katikati sawasawa. Mimi ni mtu wa ulinganifu." Idara nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Juzi mtu huyohuyo alimfelisha mwanafunzi wangu kwa mara ya pili.

Anaitwa Silke Wollgarten. Kanuni unazijua, maana ulizitunga ulipokuwa hapa: mtihani wa mdomo wa nadharia ya makundi, ile hesabu yetu ya ulinganifu, mtu hupewa nafasi tatu. Imebaki moja, ya Julai. Akifeli hiyo anafutwa, na hakuna chuo nchini kitakachompokea tena kusoma fizikia. Ana miaka ishirini na tatu na hakuna kitu kingine anachokitaka.

Angekuwa mzembe ningenyamaza. Ni bora kuliko wote niliowafundisha tangu mwaka juzi, nilipoanza kuwafundisha wanafizikia makundi kwa kompyuta. Wewe ulitufundisha vipi? Muhula mzima tulijaza jedwali la ulinganifu wa mchemraba kwa mkono, tukalikariri kama kasuku, tukafaulu, tukasahau. Wangu wanaketi mbele ya mashine tangu wiki ya kwanza. Wanaipa ulinganifu wa fuwele na kuiuliza: kundi hili lina makundi gani madogo ndani yake? Likivunjwa, linavunjikia wapi? Hata Krismasi haijafika, wananiuliza mambo ambayo mimi niliyafikia nikiwa naandika tasnifu. Tillmanns anaita hilo "kupiga piano kwa kuweka kaseti."

Anakuheshimu wewe peke yako. Mwandikie. Mwambie asimwadhibu msichana kwa sababu ya chuki yake na mashine yangu. Ndani ya bahasha nimeweka disketi ya programu na mwongozo wake, ujionee mwenyewe.

Wako,
Wiebke Harms

* * *

Husum, 25 Februari 1996

Marahaba Wiebke,

Nilikusimamia katika tasnifu yako ya udaktari, na kwetu msimamizi huitwa baba. Basi nakujibu kama baba: sitamwandikia.

Tillmanns ana kichwa kigumu na tai mbaya, lakini hoja yake ni yangu pia, na niliipigania magazetini kabla yake. Aliyebonyeza kitufe akapata jibu hajajua kitu, ameambiwa. Mkono uliouzungusha mchemraba mpaka ukachoka, siku moja wenyewe unajua, kama mkono wa mwoka mikate unavyojua unga umekandika. Mashine haina mkono wa kuchoka. Ninyi mnalea kizazi kitakachoamini kila kinachotokea kwenye kioo, na siku kizazi hicho kitakaposhika nchi nitakuwa kaburini, nikicheka.

Disketi yako inanifaa. Imelingana na kikombe changu cha chai. Nimeiweka chini yake.

Na jambo moja zaidi, kabla sijaenda kuwafukuza kondoo wa jirani kwenye kabichi zangu. Barua yako ina kurasa za hasira, na sijaona popote msichana alikosea nini. Aliulizwa nini? Alijibu nini? Mwalimu asiyeanza na maswali hayo si mwalimu, ni wakili. Mwambie aniandikie mwenyewe.

Hinrich Jessen

* * *

Lindenrath, 4 Machi 1996

Mwalimu,

Wakili! Haya, nimelikubali jina. Mshtakiwa hana mwingine.

Unauliza alikosea nini. Hakukosea kitu. Alitishwa. Mtu wa miaka sitini na mbili, profesa kamili, anasimama na chaki mbele ya binti wa mwezekaji mapaa na kumwambia "hapana, hapana, hapana" mpaka ulimi unakauka. Hilo nalo mnaliita kupima ujuzi? Nimemwandikia mkuu wa kitivo malalamiko, nikitaka Tillmanns aondolewe kwenye mtihani wa Julai.

Na hiyo hoja ya mkono wa mwoka mikate, nimeisikia tangu nikiwa msichana. Walisema hivyohivyo kuhusu kikokotoo, na kabla ya kikokotoo walisema kuhusu jedwali la logi. Kila kizazi cha maprofesa huita jasho lake mwenyewe ujuzi, na la wengine uvivu.

Silke nimempa anwani yako. Sijui kwa nini nampeleka kifaranga kwa mwewe.

Wiebke

* * *

Düren, 14 Aprili 1996

Mheshimiwa Profesa Jessen,

Shikamoo. Dokta Harms amesema unataka maelezo bila mapambo. Hayo ndiyo niliyo nayo.

Profesa Tillmanns alichora pembetatu ubaoni, pembe zake akaziita moja, mbili na tatu. Akaandika vitendo viwili bega kwa bega: kushoto kuizungusha, moja iende kwa mbili, mbili kwa tatu, tatu kwa moja; kulia kuigeuza, moja na mbili zibadilishane. Akasema, "Zidisha, Bibi Wollgarten."

Nikazidisha. Nikasema pembe ya kwanza inabaki mahali pake na hizo nyingine mbili zinabadilishana.

"Hapana."

Nikadhani hakunisikia, nikarudia kwa sauti.

"Bado hapana. Na mimi si kiziwi."

Nikafuta, nikaanza upya, nikapata lilelile. Akasema, "Haya, basi tuonyeshe kwa matriki." Nikaandika matriki zote mbili, kila moja na safu zake za namba, nikazizidisha, na jibu likawa jingine. Likawa lile alilolitaka yeye. Akaweka chaki chini. "Unaona? Mkono wako wa kulia na wa kushoto haisalimiani." Kijana aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliangalia dirishani. Baada ya hapo sikuweza kutaja hata jina langu bila kulifikiria kwanza.

Ninaloomba kukuambia ni hili. Nikiwa na mashine nyumbani sikosei kamwe, nimeikagua tena na tena. Mbele ya Profesa nakosea kila mara. Lakini mtu anayebahatisha hukosea hivi leo na vile kesho. Mimi nakosea vilevile. Mara ya kwanza ilikuwa molekuli na mara ya pili pembetatu, na kosa lilikuwa na sura moja. Nimelifikiria mpaka nimechoka. Nadhani kuna kitu ndani yangu kimekaa kinyume.

Baba anasema vigae havimuulizi mtu maswali, na nafasi yangu juu ya paa ipo. Anasema kwa upendo. Ndiyo maana inauma.

Wako mtiifu,
Silke Wollgarten

* * *

Husum, 9 Juni 1996

Wiebke,

Tafuta kiti ukae. Mashine yako haijui kuzidisha.

Disketi niliiondoa chini ya kikombe ilipofika barua ya msichana. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kukukamata, na nimekukamata. Mwalimu wa jiografia wa sekondari ya hapa ananifungulia chumba cha kompyuta wanafunzi wakishatoka. Ananisimamia nyuma kama askari jela. "Profesa, polepole, hicho ni kitufe, si msumari." Nimekula matusi ya mwalimu wa jiografia kwa ajili yako.

Sasa sikiliza. Niliipa hesabu ileile ya ubaoni. Kushoto, kuzungusha: pembe moja iende kwa mbili, mbili kwa tatu, tatu kwa moja. Kulia, kugeuza: moja na mbili zibadilishane. Mkono wangu, uliofanya kazi hii miaka arobaini, unasema pembe ya pili ndiyo inayobaki mahali pake. Mashine inasema ya kwanza. Nikaipa hesabu nyingine, ikakosea. Nikaipa ya mchemraba, ikakosea. Wala haioni haya: inakosea kila mara, na kila mara vilevile, kama yule msichana wako.

Umemkabidhi mtoto wa watu kwa mwalimu kipofu, halafu unamlaumu Tillmanns kwa kuwa na macho! Nimeshaanza makala kwa ajili ya gazeti, na safari hii sitabaki na huruma. Nijibu upesi, kama una la kujibu.

Jessen

* * *

Lindenrath, 12 Juni 1996

Mwalimu,

Usiipeleke makala. Si kwa ajili yangu. Mashine haikukosea, nawe hukukosea, na barua yako imenifanya niende chooni nikanawe uso kabla ya kuingia darasani.

Ninyi wanafizikia mkiona vitendo viwili bega kwa bega, mnaanza na cha kulia, kwa sababu kwenu kitu kinachotendewa kimekaa kulia, na kitendo kilicho karibu nacho ndicho kinachokifikia kwanza. Mashine imetengenezwa na watu wa makundi. Wao huanza na cha kushoto, kama tusomavyo barua. Kuvaa soksi kisha kiatu si sawa na kiatu kisha soksi. Pembetatu ileile, vitendo vilevile, majibu mawili, na yote mawili ni sahihi kwa mwenye desturi yake.

Silke amefundishwa na mashine. Matriki zake alizitoa kwenye kitabu cha fizikia, ambacho huanza kulia. Ndiyo maana zilimpinga ubaoni. Msichana alikuwa anazungumza lugha mbili kwa wakati mmoja na hakuna aliyemwambia kwamba ni mbili.

Hakuna aliyemwambia, maana yake mimi. Jambo hili limeandikwa mwanzoni mwa mwongozo, na mwongozo sikuwapa. Niliwapa karatasi zangu, zilizo nzuri zaidi, nikijisifu. Kwetu sisi wa makundi halisemwi, kama mtu asivyomwambia mgeni kwamba mlango hufunguliwa kabla ya kupita. Wale waliopuuza mashine na kufuata mihadhara ya Tillmanns wote walifaulu. Walioipenda ndio walioumia. Silke aliipenda kuliko wote.

Malalamiko yangu kwa mkuu wa kitivo nimeyaondoa. Aliniuliza sababu, nikasema nilisoma vibaya. Sasa nifanye nini? Nikimwendea Tillmanns, atafunga kozi yangu kabla sijamaliza sentensi, na hilo naweza kulimeza. Ninachoogopa ni kwamba atasema msichana anatafutiwa kisingizio, na Julai ataingia chumbani akiwa amekwisha kuamua.

Wiebke

* * *

Husum, 16 Juni 1996

Binti yangu,

Makala nimeichoma, moto wake ukawapasha joto kondoo wa jirani. Ilikuwa na sentensi nzuri sana. Mungu ananiona.

Nimeisoma upya barua ya msichana, na nimeona haya. Aliniandikia wazi: kosa lina sura moja. Mimi nikaitumia sentensi hiyohiyo kukutukana badala ya kuisikiliza. Wewe ulidhani anatishwa. Tillmanns alidhani hajui. Mimi nilidhani mashine ni mbovu. Kila mmoja wetu alikuwa na adui wake tayari, akamvalisha kosa hilo. Na Tillmanns hatoki salama hapa: anayeona jibu lilelile likirudi mara ya tatu, tena bila kuyumba, akaendelea kusema "hapana" bila kuuliza "umepataje?", huyo hatahini, anahesabu maiti.

Lakini usimwendee. Si kwa sababu ya kozi yako. Ukimfagilia msichana njia, ataingia akiwa mgonjwa anayehurumiwa. Mweleze yeye. Mpe desturi zote mbili, na umwonyeshe daraja kati yake: kila kitendo ukikibadilisha kwa kile kinachokirudisha nyuma, desturi moja inageuka kuwa nyingine. Ajifunze kuvuka pande zote kwa mkono, bila mashine. Ndiyo, kwa mkono. Niachie angalau hilo. Halafu aseme mwenyewe, ubaoni, kabla ya kuzidisha chochote. Asipoweza kulisema mbele ya Tillmanns, basi hata sisi hatujui kama amelielewa.

Naye usimbembeleze. Ana nafasi moja, na anajua.

Jessen

* * *

Lindenrath, 12 Julai 1996

Mwalimu wangu,

Ilikuwa jana asubuhi. Kijana wa kumbukumbu alikuwa na homa, nikaomba kukaa mahali pake. Tillmanns akauliza, "Utaandika tu?" Nikasema nitaandika tu.

Silke aliingia na shati la baba yake, mikono imekunjwa. Tangu nilipomweleza alikuwa ameacha mashine kabisa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa penseli. Tillmanns akachora mraba safari hii, akaandika kuzungusha na kugeuza, bega kwa bega. "Zidisha."

Silke akachukua chaki. Hakuandika. "Profesa, kwanza naomba kusema nitazidisha kwa mpangilio gani."

"Mpangilio gani tena? Upo mmoja."

"Ipo miwili. Wa kwako unaanzia kulia. Nitaanza na huo."

Nilitazama karatasi, nikaogopa kutazama kitu kingine. Alizidisha. Akaandika matriki, akazizidisha, zikakubaliana naye. Nikadhani Tillmanns atasema ahsante na kuuliza swali la pili.

"Na huo mwingine?"

Silke akaufanya. Jibu likawa na sura ile tunayoijua, ile ya Februari. Akageuka kumtazama, si kwa kiburi, kama mtu anayeonyesha mahali palipokuwa pakivuja. "Hivi ndivyo nilivyokujibu mara zile mbili. Sikujua kwamba ninaanzia upande mwingine. Kutoka hapa kwenda kwako tunapita hivi." Akageuza kila kitendo kuwa kinyume chake, mstari kwa mstari, mpaka jibu la kwanza likatoka ndani ya la pili.

Tillmanns alikaa. Sijawahi kumwona akikaa kwenye mtihani. Kisha akamhoji juu ya elektroni ndani ya fuwele kwa muda wote uliobaki, maswali magumu kuliko ya kawaida, na Silke akajibu mengi, mengine akasema hajui. Tulimtoa nje tushauriane. Tillmanns akasema, "Mbili." Nikasema, "Mbili." Ni alama ya pili kwa ubora, na hata nne ingemwokoa. Aliitwa, akapewa mkono, akatoka, na korido nzima ikalipuka. Wenzake walikuwa wamemngojea na chupa ya mvinyo wa mapovu na vikombe vya plastiki. Nilimsikia mmoja akipiga kelele, "Silke, kigae kimeshika!"

Natamani barua iishie hapo.

Tillmanns hakuondoka. Alichukua dasta akafuta ubao mwenyewe, kazi ambayo hajaifanya tangu nimjue, na akazungumza akiwa amenipa mgongo.

"Yule kijana wa Prüm. Mrefu. Niessen. Yeye pia alikuwa wako?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anatumia mashine?"

"Kuliko wote wa mwaka wake."

Akafuta mahali palipokwisha kufutwa. "Nafasi yake ya tatu ilikuwa Julai mwaka jana. Nilimpa mchemraba."

"Alijibu nini? Mimi sikuwemo."

"Mimi nilikuwemo," akasema. "Lilikuwa na sura hiihii."

Mwalimu, Volker Niessen amefutwa mwaka mzima sasa. Anafunga mitambo ya kupasha joto majumbani, kwao Prüm. Nilimkumbuka tangu siku nilipopata barua yako ya tarehe 9 Juni, na katika barua zangu zote sikukuandikia jina lake. Nilijiambia kwanza Silke. Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia rahisi. Kanuni inampa mtu mwaka mmoja wa kupinga mtihani, na wake unaisha tarehe 31 ya mwezi huu. Tillmanns amesema kijana akipinga, yeye atatia sahihi kwamba anaunga mkono. Alisema hivyo mlangoni, akaondoka bila kuaga.

Na mimi sijaandika. Huenda amekwisha kutulia. Huenda ana mchumba, ana gari la kazi, analala vizuri. Nani mimi wa kumgongea mlango na kumwambia kwamba alifutwa bure? Wewe ungemwandikia? Ungeanzaje?

Wiebke

* * *

Husum, 14 Julai 1996

Wiebke,

Mpe Silke mkono wangu.

Kuhusu kijana: umeniuliza ningeanzaje, ukajaza ukurasa mzima kunieleza mimi. Kila ulichoniandikia ni chake. Kama analala vizuri, atakujibu kwamba analala vizuri. Hilo ni lake kusema, si letu kumkisia. Barua hii usiijibu. Kalamu uliyotaka kunijibu nayo, itumie kumwandikia yeye.

Jessen

* * *

Lindenrath, 17 Julai 1996

Ndugu Volker Niessen,

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Mwaka mzima sikukuandikia, na mwezi mmoja wa huo sikuwa na udhuru wowote.

Katika mtihani wako wa mwisho Profesa Tillmanns alikuambia kwamba hujui kuzidisha. Unajua. Ulizidisha kama nilivyokufundisha, na jibu lako lilikuwa sahihi. Nilichokuficha, bila kujua kwamba nakuficha, nimekieleza kwa kirefu kwenye karatasi zilizomo humu. Zisome ukiwa na nafasi, uzikague mwenyewe kwa mkono.

Una haki ya kupinga matokeo mpaka tarehe 31 Julai. Fomu imo. Sehemu ya sababu nimeijaza na kutia sahihi. Profesa Tillmanns ametia yake chini ya yangu leo asubuhi. Sehemu moja tu haina kitu, nayo ni ya kwako. Ukiiacha hivyo nitaelewa, na hutadaiwa maelezo na mtu yeyote.

Ukitaka kuja kunifokea kwanza, nipo ofisini kila siku mpaka jioni. Mlango ni uleule.

Wiebke Harms